Bei ya Kumaliza: Chuo kwa Kijana Hodari wa Uhandisi

Mhadhara kwa wazazi, walimu na wahitimu wa kidato cha sita wa Nakivale na Mbarara



Kila mwaka Baraza la Mitihani la Uganda, UNEB, linapotangaza matokeo ya UACE, zipo nyumba huku kwetu ambamo furaha hudumu siku mbili tu. Siku ya kwanza ni ya vigelegele: mtoto amepata A ya hisabati na B ya fizikia, na majirani wameshaanza kumwita injinia. Siku ya pili ni ya kuwapigia simu ndugu walio mbali. Siku ya tatu watu wazima huketi, mmoja akataja ada, na nyumba nzima ikanyamaza. Katika ukimya ule ndimo maamuzi mengi mabaya huzaliwa, kwa sababu swali linaloulizwa baada yake huwa limekwisha kupinda. Huulizwa chuo gani kina jina, au chuo gani kitampokea upesi. Hoja niliyokuja nayo leo ni moja, na nitaing'ang'ania mpaka mwisho: kwa kijana hodari ambaye nyumbani kwao fedha ni chache, chuo bora ni kile atakachokimaliza, akatoka na shahada inayotambuliwa na mikono iliyozoea mashine. Bei ya kuipima, basi, ni bei ya kumaliza. Ada ya semesta ya kwanza ni kipande kidogo tu cha bei hiyo, na ndicho kipande kinachodanganya kuliko vyote.

Tuanze na hali ilivyo hapa. Makazi ya Nakivale, katika Wilaya ya Isingiro, yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kuwapokea wakimbizi kutoka Rwanda, na ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi katika Afrika. Leo yana watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na wengine, na Kiswahili ndicho kinachowaweka pamoja sokoni na shuleni. Kiasi cha kilomita 60 kutoka hapo kuna jiji la Mbarara, na ndani yake Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kinachojulikana kwa kifupi MUST, kilichoanzishwa mwaka 1989. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inampa mtoto mkimbizi haki sawa na raia katika elimu ya msingi. Baada ya hapo inasema atendewe angalau kama wageni wengine, na inataja wazi mambo matatu: kuruhusiwa kusoma masomo mbalimbali, kutambuliwa kwa vyeti vya kigeni, na kupunguziwa ada. Maana yake ni kwamba mlango wa chuo kikuu uko wazi, lakini serikali haikuahidi kumlipia anayeingia. Ufadhili wa serikali, unaowachukua wanafunzi wapatao 4,000 kwa mwaka, ni wa raia. Mikopo ya Bodi ya Kufadhili Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014 na inayotanguliza masomo ya sayansi na teknolojia, nayo ni ya raia. Kwa hiyo vijana wawili walioketi dawati moja Isingiro, mmoja Munyankole na mwenzake Mkongo, wakiwa na alama zilezile, wanakwenda nyumbani na hesabu mbili tofauti. Mzazi wa yule wa kwanza aombe ufadhili na mkopo vyote viwili bila kuona haya. Mzazi wa yule wa pili anahitaji kuanza mapema zaidi na kuuliza kwa makini zaidi, na sehemu kubwa ya maneno yangu leo ni kwa ajili yake.

Chukueni sasa karatasi ya ada ya chuo chochote muiweke mezani. Mstari wa juu kabisa ni ada ya masomo, na macho yote huishia hapo. Shukeni chini. Kuna usajili, maktaba, kitambulisho, mitihani, matibabu, umoja wa wanafunzi, na mara nyingi mstari wa mafunzo kwa vitendo. Kila kimoja ni kidogo, lakini vikijumlishwa vinaweza kumrudisha mtu nyumbani. Kisha angalieni muda. Shahada ya uhandisi Uganda ni miaka minne, semesta nane. Familia nyingi huzidisha kwa mbili, zikapata mwaka mmoja, zikauza ng'ombe au shamba la msimu, zikamtuma mtoto. Zidisheni kwa nane. Ongezeni hosteli na chakula cha miaka minne. Ongezeni vitu ambavyo mwanafunzi wa historia hahitaji lakini wa uhandisi hawezi kuvikwepa: kikokotoo cha kisayansi, vifaa vya kuchorea, ovaroli, buti za usalama, na kompyuta yenye nguvu ya kuendesha programu za usanifu. Ongezeni pia wiki za mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni au ofisi ya wilaya. Katika wiki hizo kijana hufanya kazi, mara nyingi bila malipo, huku akila, akipanda matatu na kulipa chumba kama kawaida. Hizo ndizo gharama zisizoandikwa, na ndizo zinazowaangusha watoto wa maskini wakiwa mwaka wa tatu, wakati ndugu wameshachoka kuchangishwa.

Katika uhandisi, kuanguka katikati kunaumiza kuliko katika kozi nyingi, na sababu yake ni namna masomo yalivyopangwa. Hisabati ya mwaka wa kwanza ndiyo inayobeba nadharia ya saketi na nguvu za miundo ya mwaka wa pili, na hizo ndizo zinazobeba usanifu wa mwaka wa tatu. Somo linalofundishwa semesta ya kwanza kwa kawaida halirudi mpaka semesta ya kwanza ya mwaka unaofuata. Mwanafunzi asiyekamilisha malipo hukosa kibali cha mtihani, na aliyekosa mitihani ya semesta moja anaweza kupoteza mwaka mzima akiingoja irudi. Wanafunzi wenyewe huuita mwaka mfu. Anayeacha mwaka wa tatu hatoki na robo tatu ya shahada, maana hakuna mwajiri anayelipa robo tatu ya shahada. Fedha zote zimekwisha na karatasi hana. Ndiyo sababu nasema chuo ambacho familia inamudu semesta zake nne tu ni ghali mno, hata kama ada yake ni ya chini, na chuo ambacho semesta zake nane zimepatiwa fedha ni nafuu hata kama mstari wa juu wa karatasi unatisha.

Hapa ndipo ukaribu wa Mbarara unapoanza kuwa na thamani inayohesabika. Kampala iko kilomita 270 hivi kutoka Mbarara. Mwanafunzi wa Nakivale anayesoma Kampala atarudi nyumbani likizo kubwa, na kila anachokula mjini anakinunua. Anayesoma Mbarara anaweza kupanda gari Jumamosi, akafika kwao jioni, na Jumapili akarudi na unga wa mahindi na maharage kutoka shamba la familia. Mfuko wa maharage unaonekana kitu kidogo sana kutajwa katika mhadhara, lakini fanyeni hesabu ya miaka minne ya chakula cha kununua Kampala, mtaona kwamba mfuko ule unaorudiwa kila mwezi ni sehemu ya ada. Upande mwingine upo na ni haki kuutaja: aliye karibu na nyumbani huitwa kwa kila shida, kila msiba, kila mgonjwa wa kusindikizwa hospitali. Mzazi akichagua chuo cha karibu, achague pia kumwachia mwanawe wiki za mitihani zikiwa zake.

Jambo jingine la hesabu, ambalo wengi hawalijui, ni daraja la ada. Vyuo vikuu vya umma huwa na ada ya raia na ada ya mgeni, na tofauti yake inaweza kuamua kila kitu. Sasa tazameni ramani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, na Somalia ikakamilisha taratibu zake mwaka 2024. Mwezi Mei 2017, Dar es Salaam, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu, na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, ndilo lililopewa kazi ya kulisimamia. Wengi wa vijana wa Nakivale, basi, ni watu wa Jumuiya, hata kama walivuka mpaka wakikimbia risasi. Msijiandike wageni kabla ya kuuliza. Mwandikieni msajili wa taaluma wa chuo mnachokitaka, muulize kwa maandishi mwanafunzi huyu atatozwa ada ya daraja gani kwa miaka yote minne, na mdai jibu la maandishi. Mwethiopia na Mweritrea hawana mlango huo wa Jumuiya, lakini kifungu cha kupunguziwa ada katika Sheria ya Wakimbizi ni chao pia, na barua yao ikitaje.

Fedha ni nusu ya kufaa kwa chuo. Nusu ya pili ni kozi yenyewe. Neno chuo limetuzoesha kuangalia lango na majengo, na mhandisi hatengenezwi langoni. Maswali ya kuuliza si mengi. Je, kozi hii, hii hasa na si chuo kwa jumla, ina ithibati ya Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, na muda wake haujaisha? Je, shahada yake inakubaliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ile inayompa mtu haki ya kujiita mhandisi aliyesajiliwa? Ofisi zote mbili ziko Kampala na zote hujibu swali hilo bila malipo ya wakili. Kisha nendeni mkaone karakana. Angalieni mashine za kerezo zina vumbi au zina chembe za chuma za asubuhi hiyo. Angalieni wanafunzi wangapi wanatumia kwa pamoja osiloskopu moja. Ulizeni wale wa mwaka wa nne walifanyia wapi mafunzo kwa vitendo. Mahali ambapo wanafunzi kumi wamezunguka kifaa kimoja huku wawili wakigusa na wanane wakinakili, ada yake ni ya kulipa mara mbili, maana ujuzi kijana atakwenda kuutafuta tena kazini.

Kwa kipimo hicho MUST inastahili kutazamwa kwa macho mapya na familia za huku. Kilianza na udaktari, na kwa miaka mingi watu wamekijua kwa udaktari. Lakini Kihumuro, magharibi ya jiji, kuna kitivo cha sayansi tumizi na teknolojia kinachofundisha, pamoja na mengine, uhandisi wa umeme na elektroniki, uhandisi wa ujenzi, na uhandisi wa vifaa tiba. Huo wa mwisho ndio ninaouona kuwa hazina isiyosemwa vya kutosha. Kampasi ya mjini ya chuo hicho iko ubavuni mwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara. Mhandisi wa vifaa tiba anayesoma MUST anasikia mashine ya oksijeni ikilalamika, anaona kifaa cha joto la watoto njiti kilichoharibika kikiwa kimesukumwa kando kwa kukosa fundi, na anawajua wauguzi wanaokihitaji. Kupitia ushirikiano unaoitwa CAMTech, madaktari na wahandisi wa Mbarara wameshiriki kubuni kifaa cha kumwongoza mkunga anapompulizia hewa mtoto mchanga aliyezaliwa bila kupumua, kimwonyeshe kama anapuliza sawasawa. Kijana wa uhandisi akiambiwa achague kati ya jina lililo mbali na tatizo la kweli lililo mlango wa pili, asidharau tatizo.

Kuna pia namna alama zenyewe zinavyohesabiwa, na mwalimu wa kidato cha tano anapaswa kuwaeleza wanafunzi mapema, si baada ya matokeo. Katika vyuo vikuu vya umma A ina pointi 6, B 5, C 4, na kuendelea chini. Kwa uhandisi, hisabati na fizikia ni masomo ya lazima na pointi zake huzidishwa kwa 3, na somo la tatu linalohusiana, kama kemia, huzidishwa kwa 2. Mwanafunzi mwenye A ya hisabati, B ya fizikia na C ya kemia anapata 18, 15 na 8, jumla 41. Mwenzake mwenye alama hizohizo lakini A yake iko kwenye kemia na C kwenye hisabati anapata 12, 15 na 12, jumla 39. Herufi ni zilezile tatu, na pointi mbili zinaweza kumpeleka mmoja ndani na kumwacha mwingine nje. Msichana huongezewa pointi moja na nusu, utaratibu ulioanzia Makerere mwaka 1990, na wazazi wa mabinti wasione aibu kuidai. Aliyesoma Kongo na kuja na diploma ya serikali ya kule, yaani cheti cha kumaliza sekondari, aanze mapema kulinganishiwa cheti chake na UNEB, pamoja na tafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Na kama sayansi yake inahitaji kuimarishwa, upo mwaka mmoja wa Cheti cha Elimu ya Juu unaokubaliwa na Baraza la Taifa. Mwaka huo nao uingizwe katika bei ya kumaliza.

Nageukia sasa wanaopinga, na wanaopinga wana hoja. Wa kwanza husema: jina jema hung'ara gizani, Makerere ni Makerere, na mtoto hodari asifungiwe kijijini. Nawajibu kwa historia kwanza. Makerere ilianza mwaka 1922 kama shule ya ufundi, na wanafunzi 14 waliojifunza useremala, ujenzi na umakanika. Jina lile kubwa lilianzia kwenye randa na msumeno. Baadaye, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoundwa mwaka 1963, nchi zetu ziligawana kazi: udaktari ukawa Makerere, sheria Dar es Salaam, na uhandisi Nairobi. Mpaka mwaka 1970, Makerere ilipofungua kitivo chake cha teknolojia, kijana wa Uganda aliyesema nitasoma Makerere au basi asingekuwa mhandisi katika Afrika Mashariki. Waliofanikiwa walifuata kozi ilipokuwa. Makerere ya leo ina uhandisi wa kuheshimiwa, na gari la umeme la Kiira EV la mwaka 2011 lilitoka mikononi mwa wanafunzi na walimu wake. Sisemi watu waikimbie.

Lakini wenye hoja ya jina wana ushahidi mzito kuliko methali, na siwezi kuupita. Wanauchumi wawili wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha mwaka 2002 utafiti juu ya watu walioingia vyuoni mwaka 1976. Waliwalinganisha wanafunzi waliokubaliwa na vyuo vya aina moja, ambao baadhi yao walikwenda vyuo vyenye jina na wengine wakachagua vya kawaida. Kwa wastani, mishahara yao baadaye haikutofautiana sana: uhodari ulikuwa wa mtoto, si wa lango. Ila palikuwa na tofauti moja. Watoto wa familia zenye kipato kidogo walinufaika kwenda kwenye vyuo vyenye jina. Mtu anaweza kuniambia, basi, hao ndio watoto wa Nakivale. Ni kweli, na narekebisha hoja yangu kwa sababu hiyo: jina lina faida kwa maskini, hasa kwa watu atakaojuana nao. Faida hiyo, hata hivyo, humfikia anayehitimu. Kwa hiyo ufadhili wa Mastercard Foundation wa Makerere ukimchukua mtoto wako kwa miaka yote minne, mpeleke Makerere kesho asubuhi, usisikilize mtu, wala mimi. Kama hakuna aliyejitolea kulipa, jina lile litamgharimu mwaka wa tatu, na watu aliojuana nao hawatamlipia mtihani.

Wa pili husema: angoje. Kuna Kanada, kuna Marekani, familia imo kwenye orodha ya kuhamishiwa nchi ya tatu. Ninaielewa tamaa hiyo, na sitaidhihaki kamwe, maana kwa familia nyingi ndiyo iliyowaweka hai. Tuitazame tu kwa tarakimu. Mpango wa wanafunzi wakimbizi wa shirika la Kanada la WUSC ulianza mwaka 1978, na katika miongo yote tangu hapo umewapokea wanafunzi zaidi ya elfu mbili kutoka nchi mbalimbali. Ni mpango mzuri sana, na kila anayestahili auombe. Lakini elfu mbili na kitu katika miaka zaidi ya arobaini, kwa dunia nzima, si mpango wa kujengea maisha ya mtoto mmoja. Ufadhili wa DAFI, unaolipiwa kwa sehemu kubwa na Ujerumani tangu mwaka 1992 na kusimamiwa na UNHCR, na hapa Uganda ukipitia shirika la Windle, una nafasi nyingi zaidi, na unamsomesha mkimbizi papo hapo alipo. Kwa hesabu za awali za UNHCR, wakimbizi waliofika elimu ya juu duniani walikuwa asilimia 1. Miaka michache baadaye wakafika asilimia 7, na lengo ni 15 ifikapo mwaka 2030. Sehemu kubwa ya waliopanda hivyo walisoma katika nchi zilezile zilizowapokea. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa mwanafunzi wa uhandisi huumiza pia hisabati: miaka miwili bila kugusa kalkulasi ni miaka miwili ya kusahau. Aombe Kanada akiwa anasoma Mbarara. Barua ya ndege ikija, masomo aliyokwisha kufaulu atakuwa nayo mkononi.

Hoja ya tatu ndiyo iliyo chungu, nayo ni aibu ya diploma. Uganda ina vyuo vya ufundi vya serikali: Bushenyi, Kichwamba, Elgon, Lira na Kyema. Cha Bushenyi kiko magharibi kidogo tu ya Mbarara. Kozi zake za diploma ni za miaka miwili, na mtoto mwenye A ya hisabati akipelekwa huko, watu husema amepotezwa. Sikubaliani nao, ingawa sisemi diploma iwe chaguo la kwanza la kijana hodari. Kama semesta nane zina fedha, asome shahada. Kama fedha iliyopo kwa uhakika ni ya semesta nne, basi semesta nne za diploma zinampa cheti, ufundi wa kuishi nao, na njia ya kuombea shahada kwa mlango wa wenye diploma, ambao vyuo vikuu vya Uganda vinao. Semesta nne za shahada iliyokatika hazimpi chochote. Afrika Mashariki inaijua njia hii tangu zamani. Chuo cha MIOME cha Mombasa kilichofunguliwa mwaka 1951 kwa ajili ya ufundi wa vijana Waislamu, wakiwemo wa kutoka Zanzibar, ndicho leo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Chuo cha ufundi cha Dar es Salaam cha mwaka 1957 ndicho leo Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, DIT. Vyuo vyenyewe vilipanda ngazi kwa ngazi, na hakuna anayevicheka. Kijana aliyejenga matanki ya maji na kufunga nyaya miaka miwili kabla ya kuingia chuo kikuu huielewa nadharia kwa namna ambayo aliyetoka moja kwa moja darasani huchelewa kuipata.

Wa mwisho husema: kwa nini uhandisi, ghali hivi? Asome biashara au maendeleo ya jamii, amalize kwa bei rahisi, na mkimbizi nani atamwajiri uhandisi? Hapa sina upole. Sheria ileile ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Isingiro ni wilaya kavu, na maji ya watu wa Nakivale yanategemea pampu, mabomba na mitambo ya kusafisha ambayo inahitaji mtu wa kuijua usiku inapokwama. Kusini yake, juu ya Mto Kagera mpakani na Tanzania, mtambo wa Kikagati unazalisha megawati 14 zinazogawanywa kati ya nchi mbili. Barabara, majengo ya jiji jipya la Mbarara tangu lipate hadhi hiyo mwaka 2020, vifaa vya hospitali: kazi ipo pande zote. Kumwondoa mtoto mwenye kipaji cha hisabati kwenye kazi hiyo kwa sababu kozi nyingine ni rahisi zaidi ni kuchagua kwa kuangalia mstari wa juu wa karatasi tu, kosa lilelile tuliloanza nalo.

Walimu wangu, nawaomba jambo moja la vitendo. Kabla ya fomu za vyuo kujazwa, waiteni wazazi wa watahiniwa wenu wa hisabati na fizikia kwenye kikao kimoja, na kila familia iandike kwenye karatasi moja semesta nane, mstari kwa mstari, na mbele ya kila semesta jina la atakayelipa. Palipo wazi, andikeni jina la mfadhili atakayeombwa na tarehe ya mwisho ya kuomba. Nanyi wazazi, barua ya kukubaliwa ikifika, msilipe kitu siku hiyo. Pandeni gari asubuhi mwende Kihumuro, au Bushenyi, au kokote barua ilikotoka, mwombe kuonyeshwa karakana, na nendeni na kijana mwenyewe. Mkirudi nyumbani, mwacheni yeye aseme kwanza.